Jina Halilali Nje

Kitete, Tabora
20 Mei 1974

Mwanangu Kasimiri,

Tumsifu Yesu Kristu. Najua huko Poland siku hizi huitikii, basi nimejiitikia mwenyewe: milele na milele, amina. Mimi shangazi yako ni mzima kiasi cha kushika kalamu. Magoti yananisumbua, na cherehani inanisumbua kuliko magoti. Jirani yangu Mwanne anakusalimu, anauliza kama huko mnapata vitumbua. Nimemwambia huko kuna theluji na kiburi, nawe vyote viwili umeshiba.

Sasa habari yenyewe. Mkeo Josepha amejifungua mtoto wa kiume tarehe mbili ya mwezi huu, nyumbani kwetu Lusu. Mama mzima, mtoto mzima. Nimekwenda kumwona kwa basi la Nzega. Ana masikio ya marehemu baba yako, yale yaliyosimama kama vishikio vya sufuria. Nilipomwona nilicheka, halafu nikatoka kidogo nikafuta macho.

Unajua desturi ya nyumba yetu, sina haja ya kukusomesha wewe uliyesomeshwa na Serikali mbili. Baba hutaja jina, shangazi hulitamka mlangoni, ndipo mtoto hutolewa nje kwa mlango wa mbele. Wewe huna dada, kwa hiyo kazi ya mlangoni ni yangu. Jina lenyewe liko wazi. Kaka yangu Masolwa, baba yako, huu ni mwaka wa nne yuko chini ya udongo, na jina lake linangoja mtu. Ninachotaka kwako ni uandike neno moja tu: Masolwa. Hata kwenye kipande cha gazeti nitapokea.

Fanya haraka kwa sababu mbili. Ya kwanza, mpaka jina lifike, Josepha anamtoa mtoto kwa mlango wa nyuma, amemfunika kanga kama mtu aliyeiba kuku. Majirani wameanza kumwita mtoto wa uani. Ya pili, wametangaza kwamba baada ya mavuno watu wote wa upande ule watahamia kijiji cha ujamaa kando ya barabara kuu, nyumba zimepangwa mstari. Sina ugomvi na ujamaa, undugu tuliujua kabla haujaandikwa. Lakini mtoto wetu hatatajwa mbele ya mlango ambao hakuna hata mmoja wa wazee wetu aliyewahi kuupita.

Neno moja, Kasimiri. Usiniandikie kitabu.

Shangazi yako,
Veneranda


Krakow, Poland
28 Juni 1974

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imenikuta nikijiandaa na mitihani ya migodi. Nimefurahi sana kwa habari ya Josepha na mtoto. Mwambie ale vizuri. Wiki iliyopita tulitembezwa kwenye mgodi wa chumvi karibu na hapa. Wachimbaji wa zamani wamechonga kanisa zima chini ya ardhi, na taa zake pia ni za chumvi. Ungefika ungepiga magoti, mimi nilipima unene wa nguzo.

Barua yako imenikumbusha jambo ambalo nimekuwa nikilichunguza, yaani jina langu mwenyewe. Nyie mliniita Kasimiri kwa sababu padri alifungua kalenda tarehe nne Machi akakuta ni siku ya Mtakatifu Kasimiri. Hamkuuliza ni nani wala lina maana gani. Lingekuwa jina la sabuni mngeniita vilevile! Mimi nimeuliza, tena kwa bibi mmoja mwalimu wa lugha hapa chuoni. Jina hili ni la zamani kuliko kanisa lao. Walikuwa nalo tangu wakiabudu miti, wakawapa watoto wa wakuu, kisha wafalme. Mfalme mmoja Kasimiri wanasema aliikuta nchi ya mbao akaiacha ya mawe. Hata mtaa mmojawapo wa mji huu unaitwa kwa jina hilo.

Na maana yake? Sehemu ya kwanza ni kuharibu, ya pili ni amani. Mharibu amani! Wapo wanaojaribu kulipamba, wanasema ni mtangaza amani, lakini yule bibi aliwacheka. Lilikuwa jina la vita, la kumtisha jirani. Basi mkulima wa Lusu, ambaye hajui Poland iko juu au chini, alikubali mwanawe apachikwe jina la mtemi wa Kizungu mwenye upanga. Huo ndio ukoloni wa akili tunaofundishwa kuung'oa.

Kwa hiyo suala la jina la mtoto lisifanyiwe papara. Tulitazame kwa upana. Nitaandika tena.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Kasimiri


Kitete, Tabora
2 Agosti 1974

Kasimiri,

Tumsifu Yesu Kristu. Mvua hakuna, vumbi lipo, Mwanne ameozesha binti yake Maua kwa fundi wa baiskeli, na mimi nimeshona magauni mpaka kidole kikavimba. Josepha amekonda. Mtoto amenenepa, na bado anapitia uani.

Nimekuomba neno moja, umeniletea mahubiri, na neno lenyewe halimo. Nilimpa Mwanne anisomee mara ya pili nikidhani miwani yangu imeruka mstari. Haikuruka. Una mtoto wa miezi mitatu, nawe unapima nguzo za chumvi!

Unasema hatukuuliza. Wewe ulikuwepo? Ulikuwa umefungwa mgongoni mwangu, unatoa makamasi, kifua kinakoroma kama cherehani yangu hii. Nilikubeba kwa miguu kutoka Lusu mpaka misheni ya Ndala kwa sababu mama yako alikuwa bado na homa ya uzazi na sote tulijua hutafika jioni. Padri alifungua kalenda, ndiyo. Mimi nikamuuliza, Padri, huyu Kasimiri alikuwa mtu gani? Akaniambia alikuwa mtoto wa mfalme aliyelala sakafuni, akagawa vyake kwa maskini, akasali nje ya mlango wa kanisa mlango ukiwa umefungwa. Kifua kilimuua angali kijana. Nikasema huyo anamfaa wetu, anajua maradhi yake. Ukabatizwa, ukapona. Kama jina lako lina upanga, siku ile upanga ulikukatia kamba ya kaburi. Mwambie hivyo bibi yako wa lugha.

Tena padri alisema mtakatifu huyo aliletewa mke akamkataa. Wewe hilo hukulirithi.

Nawe unajua kucheka wakulima wa Lusu. Babu yetu Masolwa wa kwanza alibeba pembe za ndovu begani kutoka hapa Unyanyembe mpaka Bagamoyo, akarudi na kaniki na jina lake lilelile. Hakwenda peke yake. Alikwenda na mdogo wake Ngollo, naye Ngollo alipoiona pwani alijiona amezaliwa upya. Akaoa huko, akajiita Mabruki, akawa anawacheka wapagazi wenzake wanavyokula ugali. Huku nyuma mkewe alikuwa amejifungua. Wakamngoja masika baada ya masika. Mwisho wazee wakasema jina halilali nje. Wakamlilia kama maiti, wakanyoa nywele, na jina lake wakampa mwanawe. Katika nyumba yetu mtoto hapewi jina la baba yake ila baba akiwa amekufa, na yeye walimhesabu hivyo.

Uzeeni akaja. Akabisha hodi. Wakamuuliza nani? Akasema Ngollo. Wakamwambia, Ngollo yuko ndani anakula, wewe nani? Akarudi njia aliyojia.

Watu wa karne ile hawakujua kusoma lakini walijua kungoja na walijua kuacha kungoja. Mavuno yamekwisha. Wamekwisha kuchora mistari ya nyumba kule barabarani kwa majivu. Andika neno.

Shangazi yako,
Veneranda


Krakow
19 Septemba 1974

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa mazoezini mgodini, na chini huko hakuna posta. Mimi ni mzima. Baridi imeanza mapema.

Hadithi ya Ngollo niliisikia utotoni, na sasa kama zamani naona ni hadithi ya kutishia watoto. Ulimwengu umebadilika. Mtu anaweza kuishi popote akabaki kuwa yeye.

Kuhusu mtoto, mpeni jina lolote zuri la wakati huu. Mwiteni Azimio, au Uhuru, au Juhudi. Yapo mengi. Lile la Masolwa liacheni kwanza. Nina sababu zangu, na si lazima kila sababu ya mtu ipigiwe ngoma.

Kijana mmoja wa Tabora, Silasi, mwana wa yule seremala wa Kimoraviani, amemaliza masomo na anarudi nyumbani. Nimempa sabuni na kitambaa cha kichwa akuletee.

Kasimiri


Kitete, Tabora
21 Oktoba 1974

Kasimiri,

Sabuni imefika. Kitambaa kimefika. Silasi naye amefika, na kwa kuwa ni kijana aliyelelewa vizuri alikuja mwenyewe mpaka hapa nyumbani, hakumtuma mtu. Nikampikia chai, Mwanne akaleta vitumbua. Tukamuuliza habari zako kwa furaha, maana mtu akitoka mbali huulizwa kwa furaha.

Akasema, "Kasimiri hajambo, Mama. Na Masolwa hajambo, ameota meno, siku hizi anashika viti anasimama."

Nikamwambia, "Masolwa yupi, mwanangu?"

Maskini, chai ikampalia. Akamtazama Mwanne, akanitazama mimi, akaanza kukuna goti. Alidhani tunajua. Alidhani, kama mtu yeyote mwenye akili timamu angedhani, kwamba mtu akipata mtoto huwaandikia kwao. Mwanne akasema "Lo!" tu, akachukua kanga yake akaenda zake, na unajua Mwanne si mtu wa kuondoka habari ikiwa bado moto. Aliondoka kwa kunionea haya.

Silasi sikumkamua zaidi. Hesabu nimeifanya mwenyewe, haikuhitaji chuo. Mtoto anayesimama sasa hakuanza juzi. Mwaka jana ulipokuja likizo, ukachinjiwa kuku, Josepha akafua mashati yako na kuyanyoosha kwa pasi ya mkaa, ulikuwa unajua mwanamke mwingine ana mimba yako. Ukala kuku, ukanywa togwa, ukalala na mkeo, ukatupungia mkono wa kwaheri dirishani mwa treni. Mimi nilikulilia pale stesheni! Natamani machozi yale ningemwagilia mboga.

Kwa kuzaa nje wewe si wa kwanza, wala hutakuwa wa mwisho, ukoo huu una wanaume. Mtoto yule wa huko hana kosa, Mungu amkuze. Kinachonitia kichefuchefu ni jina. Ulikuwa unajua Masolwa ni mmoja. Ulikuwa unajua jina la marehemu hukaa juu ya mtoto mmoja aliye hai, mpaka yeye naye afe. Umelichukua kimyakimya kama mtu anayetoka na kijiko cha watu mfukoni, kisha unaniambia mtoto wa Josepha aitwe Juhudi. Juhudi ya nani? Yako ya kuficha?

Na zile kurasa za wafalme na mbao na mawe, sasa nazielewa. Ulikuwa unapiga domo ili nisahau nilichouliza. Msomi mzima unakimbilia nyuma ya kamusi kama mtoto anayejificha nyuma ya mama yake.

Josepha nimemwambia. Alikuwa anapeta mpunga, akaendelea kupeta. Alipomaliza akaniuliza, "Kwa hiyo huyu atatoka na jina gani?" Hilo tu. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona aibu maishani. Malori ya kuhamisha watu yanasemwa yatafika kabla ya Krismasi.

Nakuuliza mara ya mwisho. Mtaje mwanao.

Veneranda


Krakow
20 Novemba 1974

Shangazi,

Shikamoo. Ni kweli. Mama yake anaitwa Halina, ni muuguzi, tulikutana nilipougua kifua majira yangu ya pili ya baridi. Sitaki kuomba radhi kwa barua, wala sijui kama naomba.

Nikueleze jambo moja tu. Mtoto huyu ni mweusi peke yake katika jengo zima. Watu humgusa nywele barabarani kama bidhaa. Ana lugha ya mama yake, chakula cha mama yake, bibi na babu wa upande wa mama yake. Kwangu mimi alihitaji kitu kimoja, nami sikuwa na kingine cha kumpa ila jina la baba yangu. Huyo wa Lusu ana ukoo mzima, ana mashamba, ana wewe. Mna kila kitu, mnanigombania neno moja! Mnaniandikia kama mahakama, watu ambao mpaka leo mtoto akipita uani mnaona dunia imepinduka. Mlango ni mbao, Shangazi. Nimechoka na mbao zenu.

Nitarudi mambo yakikaa sawa. Usiniulize lini.

Na jingine. Jina la Kasimiri nimeliacha. Nikijitambulisha hapa watu wanacheka, Mwafrika ameitwa kama mfalme wao, ni kama mbuzi aliyevishwa koti. Lilikuwa la kalenda ya padri, lilikuwa la vita vya watu wengine, halikuwahi kuwa langu. Rafiki zangu wote sasa wananiita Masolwa kama mwanangu, nawe niandikie hivyo. Kasimiri nimelitupa. Anayelitaka aliokote.

Masolwa


Kitete, Tabora
29 Desemba 1974

Kwako uliye Krakow,

Sikuandiki Masolwa, maana huyo nilimfunga sanda. Jina lako la zamani nalo sikuandiki, na sababu utaiona huko chini.

Barua yako ilifika wiki moja kabla ya malori. Nilipanda basi, nikamsomea Josepha yote bila kuruka, hata pale uliposema ana kila kitu. Alicheka hapo. Kisha akaniomba nirudie mstari wa mwisho. Nikarudia: anayelitaka aliokote. Akasema, "Shangazi, mimi nalitaka."

Nikamwambia, unajua maana yake? Unajua likitamkwa mlangoni, baba yake ni nani kwetu kuanzia hapo? Akasema, "Mimi nilijua tangu nilipokuwa napeta mpunga. Nilikuwa nawangoja nyinyi."

Basi tumefanya. Kwanza tulinyoa nywele, mimi na Josepha na wake za binamu zako. Tukakaa matanga. Wajumbe waliokuja kuandikisha kaya wakauliza nani amefariki, tukawaambia ni mtu wetu aliyekuwa safarini, wakavua kofia na kutupa pole. Nililia, usidhani sikulia. Nililia mpaka sauti ikakauka, maana nilikubeba mgongoni, na mtu hasahau uzito aliowahi kuubeba. Nakudharau, lakini sikuwahi kukuona mwepesi.

Asubuhi ya malori nikasimama mlangoni mwa baba yako, mtoto mkononi, nikalitamka jina mara nne kama ilivyo desturi, nikatoka naye kwa mbele. Alipiga kelele mbuzi wakakimbia. Ulisema jina lile ni la kuharibu amani, basi angalau limempata anayeliweza. Padri alipokuja kubatiza akatazama kalenda akasema leo si siku ya mtakatifu huyo. Nikamwambia, "Padri, safari hii hatulitoi kwenye kalenda, tunalitoa nyumbani. Lilikuja likiwa la watu wengine, limelala kwetu miaka ishirini na minane, sasa limezikwa na limezaliwa. Kama hilo bado ni jina la wageni, basi hata mahindi ni ya wageni." Alicheka, akambatiza.

Halafu wanaume waling'oa mlango, ule ule wa mninga unaouita mbao, wakaupandisha kwenye lori pamoja na vinu na kuku. Umesimamishwa kwenye nyumba mpya, mstari wa tatu kutoka barabarani. Ni nyumba mbaya, bati linavuja, lakini mlango haukupungua kitu.

Mtoto wa Halina mpe salamu zetu. Akifika siku moja akasema Masolwa, ataingia, jina hilo tunalijua, na masikio tutayatazama. Yeye hana deni kwetu.

Wewe ukifika, bisha hodi kama watu wanavyobisha. Atakuja mtu kukufungulia, pengine kijana, pengine mwanamume mwenye ndevu, sijui utakawia kiasi gani. Atakuuliza wewe nani. Tafuta cha kumjibu njiani, maana ukimwambia Kasimiri atashangaa, atageuka ndani kumwambia mama yake kuna mzee hapa nje amechukua jina langu.

Mimi Veneranda,
bibi yake Kasimiri